Barua ya wazi kuhusu vifaa vya moyo visivyo na wa kuvisemesha

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Hospitali,
Kwa Daktari Mkuu Msimamizi,
Kwa Mkuu wa Ununuzi,
Mombasa.

KUH: WAGONJWA WENYE DIFIBRILETA ZA KUPANDIKIZWA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Jina la hospitali tumeliacha makusudi. Nyinyi mnajijua, na haja yetu ni mashine. Tumeleta barua tatu kwa njia ya kawaida, kila moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na jibu pekee tulilopata ni la mdomo, kwamba suala linashughulikiwa. Sasa tunaandika hadharani.

Suala ni hili. Kliniki ya moyo inafuatilia watu wenye difibrileta, kifaa cha kuurekebisha moyo kwa umeme, iliyowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, yenye waya uliopitishwa kwenye mshipa hadi ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha moyo. Kifaa hicho kinaweza kuzima mbio hatari za moyo kwa mipigo midogo ya umeme iliyopangiwa wakati, bila maumivu, mgonjwa akiwa ndani ya tuktuk na asijue. Uwezo huo hufunguliwa, hupimwa na kurekebishwa kwa mashine inayoitwa programa. Hapa kwetu programa haipo. Mgonjwa wa Lunga Lunga huamka alfajiri, akavuka feri ya Likoni, akafika kliniki. Tunampima presha, tunamsikiliza kifua, tunampa tarehe nyingine. Kifaa ambacho ndicho kilichomleta hakuna aliyekigusa.

Imekuwa ikisemwa katika vikao kwamba kifaa kikishawekwa, basi kimewekwa. Inabidi tueleze kwa nini sivyo.

Kwa watu wenye kovu kwenye moyo, mbio nyingi za ventrikali ni umeme unaozunguka. Unapita kando ya kovu, unachelewa kwenye njia nyembamba, ukitokea upande wa pili unakuta misuli imeshapumzika, unaingia tena. Ni kama matatu iliyoingia raundabauti ikakataa kutoka. Kati ya mkia wa matatu hiyo na pua yake kuna pengo, yaani kipande cha misuli kilichokwisha kupumzika na kilicho tayari kuwashwa. Tiba inaingilia hapo. Mpigo wa nje ukifika kwenye pengo kwa wakati wake, huenda pande mbili. Upande mmoja hukutana uso kwa uso na wimbi linalokuja, yote mawili yakafa. Upande wa pili huufuata mkia wa wimbi, ukakuta misuli bado imechoka, nao ukafa. Mzunguko umekatika na moyo unarudi kwenye mwendo wake.

Hesabu yake ni hii. Moyo ukienda mapigo 200 kwa dakika, kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 300. Kifaa hupima muda huo chenyewe, kisha hutoa mipigo 8 kwa asilimia 88 ya muda huo, yaani mmoja kila milisekunde 264. Kazi nzima huisha kwa sekunde mbili na kidogo. Kwa nini minane, isiwe miwili? Kwa sababu ncha ya waya iko kulia na kovu huenda liko kushoto. Mipigo ya kwanza inafungua njia tu, kila mmoja ukisogea karibu zaidi na mzunguko. Ikiwa michache mno, haifiki. Ikibanwa kupita kiasi nayo, huweza kuzigeuza mbio kuwa mtetemo wa ventrikali, ambapo moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu, na huo huua kwa dakika chache. Ndiyo maana nyuma ya mipigo hiyo hukaa mshtuko mkubwa kama akiba.

Mshtuko huo ni mambo mengine kabisa. Kifaa hujaza kapasita, ghala lake la umeme, kwa sekunde kadhaa, kisha humwaga hadi jouli 35 au 40 ndani ya kifua cha mtu ambaye mara nyingi yu macho. Teke la punda, ndivyo wanavyolisema. Mtu akipigwa mara mbili tatu huanza kuogopa kupanda ngazi, kuogopa kulala, kumwogopa hata mkewe. Mipigo minane hutumia chembe ndogo tu ya umeme huo, na betri haiisikii.

Difibrileta ya kwanza ya kupandikizwa, kazi ya Michel Mirowski na wenzake, iliwekwa kwa binadamu huko Baltimore, Marekani, Februari 1980, na ilijua jambo moja tu: kushtua. Wagonjwa wetu wana vifaa vya kizazi cha leo. Mipigo isipowashwa na kupangwa, wanaishi navyo kana kwamba ni kile cha 1980.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Programa haipo, na ikija moja haitatosha. Programa ya mtengenezaji mmoja haisomi kifaa cha mwingine. Ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache: kichwa cha programa kinawekwa juu ya kifua, unasoma hali ya betri, ukinzani wa waya, ukubwa wa mawimbi ambayo kifaa kinayaona, nguvu ndogo kabisa inayoweza kuusukuma moyo, na kumbukumbu ya kila tukio tangu ukaguzi uliopita. Kupanda ghafla kwa ukinzani ni dalili ya waya unaokatika. Waya unaokatika hutoa kelele za umeme, kifaa kikazidhania kuwa mtetemo wa ventrikali, kikamshtua mtu mzima akiwa sokoni Kongowea, tena na tena mpaka kimalize zamu zake. Jambo hilo huweza kuonekana mapema, kwa anayetazama.

Kanuni inayokubalika ni ukaguzi kati ya wiki 2 na 12 baada ya kupandikizwa, kisha kila miezi 3 hadi 6, isipokuwa pale penye ufuatiliaji wa mbali kwa kisambazaji cha nyumbani. Sisi hatuna hiki wala kile. Tunaandika karatasi ya rufaa ya Nairobi, kilomita zaidi ya 480, na mgonjwa wa Kinango anatafuta nauli yake na ya mtu wa kumshika mkono, iwe basi au treni ya Miritini. Wengi hawaendi, nasi tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakuhudhuria, kana kwamba kosa ni lake.

2. Mipangilio haijakaguliwa tangu siku ya kupandikizwa. Mwaka 2015 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa mapigo ya moyo vilitoa mwongozo wa pamoja: mipigo iwashwe kwa mbio za hadi 230 kwa dakika, angalau kundi moja la mipigo 8 kwa asilimia 84 hadi 88, kifaa kisubiri sekunde 6 hadi 12, au mapigo 30, kabla ya kutibu, na kwa mtu ambaye hajawahi kupata mbio hizo, tiba ianzie kati ya 185 na 200. Kusubiri kuna maana yake. Mbio nyingi hujizima zenyewe, na kifaa chenye pupa hutibu kitu ambacho kingekwisha bila msaada. Utafiti unaojulikana kama MADIT-RIT, uliochapishwa mwaka 2012 ukiwa na wagonjwa 1,500, ulilinganisha mipangilio ya zamani na ile inayosubiri zaidi au inayoanzia 200. Tiba zisizostahili zilipungua, na vifo vikapungua. Tafadhali isomeni tena sentensi hiyo, maana kilichobadilishwa hapo ni namba ndani ya kifaa ambacho mgonjwa tayari anacho.

Sasa mchukueni kijana anayeikimbilia feri, moyo wake ukafika 175 kwa sababu anakimbia. Au mama mwenye vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambaye atria zake, vyumba vya juu vya moyo, zinatetemeka na ventrikali zinafuata kwa kasi. Kifaa kilichoambiwa kianze 170 bila vichujio vya kutofautisha kitawapiga wote wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mbio za ventrikali.

3. Amiodaroni. Hili linatuuma kupita yote, kwa kuwa dawa hii ya kutuliza mbio za moyo tunaiandika sisi wenyewe. Amiodaroni hupunguza kasi ya mbio bila lazima ya kuzimaliza. Mbio zilizokuwa 185 zinakuwa 150. Kifaa kimeambiwa kianzie 170. Za 150 kinazinyamazia, ndivyo kilivyoagizwa. Mgonjwa analetwa dharura jasho linamtiririka, presha imeshuka, ECG, mchoro wa umeme wa moyo, inaonyesha QRS (mawimbi ya umeme wa ventrikali) pana zinazokwenda sawasawa, na daktari wa zamu anakata shauri kwamba kifaa kimekufa. Kifaa ni kizima. Mwenye programa angeweka kichwa chake kifuani, angechagua mipigo ya kuamriwa kwa mkono, 8 kwa asilimia 88 ya milisekunde 400, yaani kila milisekunde 352, na pengine mbio zingekwisha kabla mkanda wa presha haujajaa upepo mara ya pili. Zisipokwisha, angejaribu kundi la pili kwa muda uliobanwa kidogo, difibrileta ya nje ikiwa tayari kitandani. Kisha angeteremsha kiwango cha kuanzia tiba kiwe mapigo 10 hadi 20 chini ya mbio alizoziona, kifaa kisidanganyike tena.

Sisi tunamlaza usingizi wa dawa na kumshtua kwa nje. Inafaa, ndiyo. Lakini ni kuvunja mlango ambao ufunguo wake umening'inia Nairobi. Tena dawa hiyohiyo inaweza kuongeza nguvu inayohitajika ili mshtuko ufaulu, kwa hiyo anayeanzishiwa amiodaroni anapaswa kukaguliwa kifaa. Hatujui hata mmoja aliyekaguliwa kwa sababu hiyo.

4. Difibrileta za wodini na kitufe cha SYNC. Mwaka 1962 Bernard Lown na wenzake walionyesha kwamba mshtuko wa kurekebisha mbio lazima ufungamanishwe na QRS, maana ukiangukia juu ya wimbi la T, wakati ventrikali zinajipumzisha, unaweza kuzalisha mtetemo wa ventrikali. Mashine zetu zote zina uwezo huo, kwa kitufe cha SYNC. Tatizo ni kwamba wodi moja ina mashine za aina tofauti zenye tabia tofauti, na hakuna hata karatasi iliyobandikwa.

Utaratibu ni huu. Nyaya za ECG ziunganishwe kwanza, na ichaguliwe lidi, yaani upande wa kuutazamia umeme wa moyo, yenye R (kilele cha QRS) ndefu. Kitufe cha SYNC kibonyezwe, halafu mtu atazame kwa macho yake kwamba alama zimekaa juu ya kila R. Zikiangukia T, abadilishe lidi au ukubwa wa mawimbi; asisonge mbele kwa matumaini. Mgonjwa apewe dawa ya usingizi, na oksijeni isogezwe mbali wakati wa kushtua. Kwa QRS pana zinazokwenda sawasawa, jouli 100. Kwa QRS nyembamba zinazokwenda sawasawa, 50 hadi 100. Kwa mtetemo wa atria, angalau 200 kwa mashine ya mawimbi mawili, ambayo umeme wake huenda na kurudi. Pedi za kushtulia zisikae juu ya kifaa kilichopandikizwa. Ziwe sentimita 8 au zaidi kutoka kwake. Kisha kitufe cha kushtua kibonyezwe na kushikiliwa, kwa sababu mashine inangoja R. Anayebonyeza na kuachia haraka atadhani imeharibika.

Mitego ni miwili. Wa kwanza, mashine nyingi hujitoa kwenye SYNC baada ya kila mshtuko, na asiyejua atatoa wa pili kipofu. Wa pili ni kinyume chake: mgonjwa akiingia kwenye mtetemo wa ventrikali SYNC ikiwa imewashwa, hakuna R ya kungojwa, mashine haitoi kitu, na sekunde zinakwenda huku watu wakibishana kuhusu stima. Kadi moja iliyolaminishwa kwa kila mashine ingelimaliza hili. Tumeshaiandika. Tumeambiwa haina idhini.

(Na mtetemo wa atria uliozidi saa 48, au usiojulikana ulipoanza, haushtuliwi hivihivi kama mgonjwa ana presha nzuri: anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda wiki 3 kabla na wiki 4 baada, la sivyo donge linaweza kuruka hadi ubongoni. Kipimo cha INR, cha kujua damu inavyoganda, kikikosekana maabara, ratiba yote hiyo inavunjika.)

5. Sumaku. Ni kipande cha chuma cha duara, hakina betri, hakihitaji mafunzo ya nje ya nchi. Kikiwekwa juu ya difibrileta iliyopandikizwa, mara nyingi husimamisha mishtuko kwa muda wote kinapokaa hapo, bila kubadilisha usukumaji wa kawaida wa moyo. Kinahitajika dharura kwa anayeshtuliwa bila sababu, na thieta pale kisu cha umeme kinapotumika juu ya kitovu. Kinahitajika pia kwa mgonjwa anayefariki nyumbani kwao, ambaye familia haipaswi kumshuhudia akirushwarushwa na kifaa katika saa yake ya mwisho. Hospitali nzima haina sumaku hata moja inayojulikana ilipo.

6. Hewa ya Pwani. Machi kuna joto na unyevu, na chumvi iko mwaka mzima. Viunganishi vya nyaya vinaota kutu ya kijani, betri zilizohifadhiwa karibu na dirisha huchoka kabla ya wakati, na pedi ambazo mfuko wake umefunguliwa hukauka gundi zikawa kama ngozi ya ngoma. Pedi iliyokauka haishiki vizuri, huunguza ngozi, na umeme mwingi haufiki moyoni. Daftari la ukaguzi wa kila siku lipo. Mara nyingi linajazwa wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, Jumatatu asubuhi. Hilo ni letu, tunalikiri.

Majibu yenu tunayajua, kwa hiyo tuyapitie.

Mtasema hakuna fedha. Programa kwa kawaida haiuzwi kama kitanda. Mtengenezaji huiweka hospitali kwa sababu vifaa vyake viko huko. Inachohitaji ni sharti ndani ya zabuni: anayetuuzia kifaa aache programa, aisasishe, na afundishe watu. Sharti hilo halijawahi kuandikwa. Sumaku na kadi hazifiki bei ya mlo wa mchana wa kikao kimoja.

Mtasema wakala wa kampuni huja. Huja kwa miadi, na mbio za ventrikali haziji kwa miadi. Zaidi ya hapo, si sawa tiba ya mgonjwa ipangwe na mtu ambaye mwajiri wake ni muuzaji, sisi tukiwa watazamaji.

Mtasema wagonjwa hao ni wachache. Ni wachache kwa sababu tunaowahesabu ni wale wanaoweza kurudi.

Mtasema tukimsomesha mtu ataondoka. Alisomeshwa mmoja akaondoka, wasomeshwe wanne.

Mtasema ni kazi ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti vituo vya afya na ambulensi, na Ibara ya 43(2) inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mbio za ventrikali zenye presha iliyoanguka ni dharura popote zinapotokea, hata upande wa pili wa feri.

Tunayoyaomba:

(a) Ndani ya siku 30, sumaku dharura, ICU, thieta na kliniki, kila moja ikiwa imefungwa kwa mnyororo, pamoja na idhini ya kadi ya SYNC.

(b) Ndani ya siku 90, programa za aina zote za vifaa walivyo navyo wagonjwa wetu, kwa makubaliano na wasambazaji, na sharti hilo liingie katika kila zabuni ijayo.

(c) Watu wanne wafundishwe: wauguzi wawili, tabibu mmoja na fundi mmoja wa vifaa tiba. Awepo mtaalamu wa moyo wa kuidhinisha kila badiliko la mipangilio kwa simu, na kila badiliko lichapishwe na kuwekwa kwenye faili.

(d) Kliniki ya vifaa siku moja kwa wiki, na namba moja ya simu kwa wagonjwa. Aliyeshtuliwa mara moja akajisikia vizuri apige simu siku hiyo. Aliyeshtuliwa mara mbili au zaidi, au asiyejisikia vizuri, aje dharura mara moja. Matukio matatu tofauti ndani ya saa 24 ni dhoruba ya umeme, na mgonjwa hulazwa, akapimwa potasiamu na magnesiamu kabla ya kitu kingine kulaumiwa.

(e) Vifaa vya msaada visipokewe kabla kliniki haijaulizwa. Kuna difibrileta zinazowekwa chini ya ngozi tu, bila waya ndani ya moyo. Zina faida zake, ila zenyewe haziwezi kutoa ile mipigo minane, na mgonjwa mwenye mbio za mzunguko zinazojirudia akipewa hiyo atabaki na mateke tu.

(f) Jibu la maandishi kwa barua zetu tatu. Ibara ya 35 inatupa haki ya kuliuliza.

Orodha ya aina za vifaa tumeshaiandaa, bila majina ya wagonjwa, imepangwa kwa mtengenezaji na mwaka wa kupandikizwa, pamoja na zile ambazo kwa umri wake betri inatakiwa kusomwa kwanza. Tutaileta kikaoni siku mtakayoitaja.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, matabibu na mafundi wa vifaa tiba,
Kliniki ya moyo,
Mombasa.